Mwongozo kwa Anayekwenda Kuchuma Karafuu Pemba kwa Mara ya Kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kupanda mkarafuu, na ambaye msimu huu ameitwa na jamaa, au ameamua mwenyewe, kwenda Pemba kufanya kazi katika shamba dogo: shamba la mikarafuu ishirini au thelathini, ambalo mwenyewe ndiye msimamizi, mkewe ndiye mhasibu, na uwanja wa mbele ya nyumba ndio mahali pa kuanikia. Nimeifanya kazi hii kwa misimu kadhaa. Nilipoanza sikujua kutofautisha karafuu iliyo tayari na isiyo tayari, na makosa niliyoyafanya ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba karafuu si tunda, bali ni tumba la ua ambalo halijafumbua. Likiachwa mtini siku chache zaidi ya zinazotakiwa, hufumbua na thamani yake hupotea. Likishachumwa, linapaswa kuchambuliwa, yaani kutengwa na kikonyo chake, jioni ile ile na kuwekwa juani kesho yake asubuhi. Kazi yote ya msimu, kuanzia saa ya kuamka hadi saa ya kulala, imepangwa kufuata haraka hiyo, na mchumaji anayeielewa hatashangaa akiambiwa aendelee kuchambua wakati macho yake yamekwisha kuwa mazito.

Kabla ya safari

Msimu mkubwa kwa kawaida huanza mwezi wa Julai na huweza kuendelea hadi mwisho wa mwaka, lakini mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja hubeba mpaka matawi yanainama, kisha hufuata mwaka mmoja au zaidi wa mavuno haba ambayo mwenye shamba huyamaliza yeye na majirani zake bila kuhitaji mtu wa nje. Kwa sababu hiyo usifunge safari kwa kutazama kalenda peke yake. Mpigie simu mtu aliyeko huko, umuulize kama matumba yameanza kuwa mekundu, kama mikono inahitajika, na kama mahali pa kulala papo.

Watu huuliza kwa nini safari iwe ya Pemba na si ya Unguja, ambako karafuu ilitangulia kustawi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku ile ya Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar imekuwa ikitoka Pemba. Meli ya kutoka Unguja hushusha abiria Mkoani, upande wa kusini, na kutoka hapo kuna gari za kwenda Chake Chake na Wete. Mikarafuu mingi imo katika vilima na mabonde ya katikati na magharibi ya kisiwa. Upande wa mashariki, penye ardhi ya mawe, utaikuta michache.

Chukua nguo mbili za kazi zenye mikono mirefu, ambazo huzionei uchungu, kwa kuwa madoa ya karafuu hayatoki kwa urahisi. Chukua pia chandarua, shuka, tochi, chupa kubwa ya maji, na kamba yako mwenyewe iliyo imara. Kamba ya kuazima huwezi kuijua imekaa mvuani kwa miaka mingapi. Wachumaji wanaotoka mbali hupiga dago, yaani hukaa kambi shambani au pembeni ya kijiji kwa muda wote wa uchumaji, na huko hupika kwa zamu. Ukiambiwa kwamba mtakaa dago, ongeza sufuria ndogo, sahani na kikombe. Mgeni hufikishwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mahali hapo, akajulikane, na ni heshima kwenda wewe mwenyewe bila kusubiri kuitwa.

Makubaliano

Malipo ya mchumaji hupimwa kwa pishi, kipimo cha zamani chenye vibaba vinne, na bei ya pishi hubadilika kutoka msimu hadi msimu na hata kutoka kijiji hadi kijiji. Ugomvi mwingi niliouona shambani haukutokana na bei, ulitokana na kipimo chenyewe. Pishi ya mfuto, ambayo juu yake hufutwa ikawa sawa na ukingo, si sawa na pishi inayojazwa mpaka karafuu zinamwagika pembeni, na tofauti hiyo ikirudiwa mara kumi kwa siku kwa wiki nne ni fedha nyingi. Kwa hiyo uliza kwa adabu, siku ya kwanza, mbele ya wenzako:

“Mzee, pishi mnaipokea ya mfuto au ya kujaza?”

“Ya mfuto, mwanangu. Na chakula cha mchana ni juu yangu.”

Maneno hayo machache yanatosha. Uliza pia kama pishi inahesabiwa kwa karafuu zilizokwisha kuchambuliwa, ni nani atakayefanya kazi ya kuanika na kama ina malipo yake, na makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua, yatakuwa ya nani. Andika kila siku idadi ya pishi zako katika daftari dogo, na umwonyeshe mwenye shamba jioni hiyo hiyo, wakati nyote wawili mnakumbuka.

Kuitambua karafuu iliyo tayari

Tumba changa ni jembamba na lina rangi ya kijani kibichi. Linapokomaa hunenepa, kichwa chake kikajaa na kuwa duara, rangi ikageuka kuwa ya kimanjano na kisha ikaanza kuona haya, yaani wekundu mwepesi ukalipanda kutoka chini. Hapo ndipo pa kuchuma. Ukiona vinyuzi vyeupe vimetokeza kichwani, ua limekwisha kufumbua na umechelewa.

Matumba ya shada moja, ambayo mara nyingi huwa kumi hadi kumi na tano, hukaribiana kukomaa, lakini mashada ya mti mmoja hayakomai pamoja. Upande unaopigwa na jua hutangulia, na mashada ya ndani hufuata baadaye. Mti mmoja hurudiwa mara mbili, tatu, au zaidi katika msimu, na mchumaji mwenye pupa anayeukomba wote mara moja humletea mwenye shamba karafuu nyembamba ambazo zikikauka hukunjamana na kuwa nyepesi. Kama shada lina matumba mengi mekundu na machache ya kimanjano, lichume. Kama mengi bado ni ya kijani, liache, na ukumbuke liko wapi.

Juu ya mti

Sehemu hii naomba isomwe mara mbili. Mkarafuu uliokomaa huweza kufikia mita kumi na zaidi, na matawi yake, ingawa yanaonekana manene, hukatika ghafla bila kutoa onyo la kupinda kama yanavyofanya matawi ya miti mingine. Kila msimu kuna watu wanaovunjika mikono, miguu, hata uti wa mgongo, na wapo wanaofariki.

Anza kwa kuuzunguka mti ukiwa chini. Tafuta matawi makavu, yenye mashimo au yaliyoanza kuoza, na uyakariri. Tafuta viota vya maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi, kwa sababu kuumwa nao kwenyewe si hatari, ila mtu akiumwa shingoni yuko juu huachia mikono yote miwili bila kukusudia. Kama mvua imenyesha usiku, subiri gome likauke. Hakuna mwenye shamba mwungwana atakayekulaumu kwa kusubiri saa moja, na akikulaumu, basi lawama yake ni nafuu kuliko jeraha.

Ngazi iegemezwe kwenye shina au kwenye tawi nene lililo karibu na shina, miguu yake ichimbiwe kidogo ardhini, na mtu mmoja aishike mpaka utakapokwisha kuingia mtini. Ukiwa juu, weka mguu penye panda, mahali tawi linapoungana na shina, wala usikanyage katikati ya tawi. Mkono mmoja ushike kitu imara wakati wote, na mkono mwingine ndio ufanye kazi. Pakacha au kikapu kitundikwe kwa kiopoo cha mti kwenye tawi lililo mbele yako, kisining'inie shingoni. Kikijaa kiteremshwe kwa kamba, apokee aliye chini.

Mashada mazuri kuliko yote huwa yako nchani mwa matawi, na hapo ndipo watu wanapoangukia. Usiyafuate. Tumia upembo, ule mti mrefu wenye ncha iliyopinda, kulivuta tawi polepole mpaka likufikie, kisha ulifunge kwa kamba kwenye tawi nene ili mikono yako iwe huru. Wachumaji wazoefu hufunga matawi mawili matatu pamoja, yakawa yanashikana na kuyumba kidogo zaidi. Ukimaliza, lirudishe tawi taratibu. Likiachiwa ghafla huangusha matumba mabichi ambayo yangechumwa wiki ijayo.

Sasa kuchuma kwenyewe. Shada hutoka nchani mwa kijitawi, juu kidogo ya jozi ya mwisho ya majani. Lishike kwa kidole gumba na cha shahada pale pale linapoanzia, lipinde upande mmoja, nalo litakatika kwa mlio mdogo likaja mkononi bila jani hata moja. Ukiona unachuma na majani, umeshika chini mno. Na ukivunja kijitawi chenyewe, umeondoa mahali ambapo maua ya misimu ijayo yangetokea, kwa kuwa mkarafuu huchanua kwenye ncha tu. Niliwahi kuona mti mmoja uliochumwa na watu wa haraka, waliokuwa wakikata matawi na kuyatupa chini ili wachume wakiwa wamekaa. Msimu uliofuata upande ule wote ulikuwa majani matupu, na katika majeraha ya matawi ulikuwa umeanza kunyauka.

Shuka mapema kabla hujachoka. Kizunguzungu, njaa, mikono inayotetemeka, au hasira baada ya kugombana na mtu, kila kimoja ni sababu ya kutosha ya kushuka. Usichume peke yako shambani ambako sauti yako haitasikika, na usimruhusu mtoto apande hata akikuomba; kuna kazi nyingi za chini anazoweza kusaidia akitoka shule. Mtu akianguka, asiinuliwe kwa pupa wala asikalishwe. Alazwe alivyo, shingo isigeuzwe, atafutwe ubao au mlango wa kumbebea, na apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo. Sheha aarifiwe siku hiyo hiyo na karatasi za hospitali zihifadhiwe, kwa sababu Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo ndilo mnunuzi wa karafuu, limekuwa likitoa fidia kwa walioanguka wakati wa kuchuma, na bila ushahidi madai hayo huwa magumu.

Kuchambua

Kuchambua ni kutenga karafuu na makonyo yake, yaani vikonyo vinavyoyashika matumba pamoja. Hufanywa jioni, watu wakiwa wameketi kwenye mkeka kuzunguka rundo la mashada, na harufu yake ni kali kiasi kwamba mgeni hutokwa na machozi siku mbili za mwanzo. Bibi mmoja wa nyumba niliyofikia alinitazama nikinyofoa tumba moja moja kama mtu anayechambua mchele, akanichukua mkono. “Mwanangu, hivyo utalala alfajiri. Lisokote.”

Akalishika shada kwa konyo lake kwa mkono wa kulia, akalikandamiza vichwa chini kwenye kiganja cha kushoto, na kwa kulizungusha mara moja karafuu zote zikakatika na kuanguka, yeye akabaki na konyo tupu ambalo alilitupa upande wa pili bila kulitazama. Mkono wake ulirudi kwenye rundo kabla zile karafuu hazijatulia mkekani. Ilinichukua karibu wiki nzima kuifikia nusu ya kasi yake, na kiganja changu kilibabuka kwa sababu mafuta ya karafuu mbichi huwasha kwenye ngozi laini. Ukipatwa na hali hiyo, osha kwa sabuni, paka mafuta ya nazi, na kwa vyovyote usijipanguse macho.

Angalia karafuu isipoteze kichwa chake unapoisokota, kwa kuwa isiyo na kichwa hushusha daraja. Majani, vijiti na matumba yaliyofumbua yatengwe hapo hapo, kwa sababu kazi hiyo juani kesho itakuwa ngumu maradufu.

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya katika hatua hii. Usiku mmoja tulikuwa wachache, tumechoka, na mimi nikashauri mashada yaliyobaki yatiwe guniani tuyachambue asubuhi. Kulipokucha gunia lilikuwa la moto nikalisikia nikitia mkono, kama unga uliochachuka, na karafuu zile zilipokaushwa hazikupata ule wekundu wa udongo; zilitoka zimepauka, zimekunjamana, na harufu yake imepungua. Mwenye shamba hakunikemea. Alizianika peke yake pembeni, akaziuza kwa daraja la chini, na mimi nilikaa siku kadhaa nikiona aibu kupita karibu na jamvi lile. Karafuu mbichi zikirundikwa huvunda. Kama hamtaweza kumaliza kuchambua, zitandazeni sakafuni kwa tabaka jembamba mahali penye hewa, na msizifungie ndani ya kitu chochote.

Kuanika

Anika juu ya jamvi safi au sakafu ya saruji iliyofagiwa, tabaka liwe jembamba kiasi cha kuweza kuona jamvi hapa na pale. Usianike barabarani. Lami ina joto, ni kweli, na ndiyo sababu watu huvutika nayo, lakini karafuu hunyonya harufu haraka, na hurudi na mchanga, moshi wa magari na harufu ya lami yenyewe. Mamlaka za Zanzibar zimekuwa zikikataza jambo hilo kila msimu.

Siku ya kwanza ndiyo inayoamua rangi, kwa hiyo zipate jua kali tangu asubuhi na zigeuzwe mara kwa mara kwa reki ya mti au kwa mkono. Jioni, kabla ya umande, zikusanywe na kufunikwa kwa jamvi au kuingizwa ndani. Mvua za vuli huanza mwezi wa Oktoba, katikati ya mavuno, na hapo kazi ya kuanika huwa ni ya kutazama mbingu: lazima awepo mtu mmoja asiyekwenda mbali na jamvi siku nzima, naye ahesabiwe kuwa yuko kazini kama aliye mtini. Karafuu iliyolowa baada ya kuanza kukauka hairudi kuwa ya daraja la kwanza.

Jua likiwa zuri, siku nne hadi sita hutosha. Karafuu kavu huwa na mwili wa kahawia iliyoiva na kichwa chenye rangi nyepesi zaidi. Ukiipinda hukatika kwa mlio na haipindiki. Ukiichoma kwa ukucha hutoa mafuta kidogo. Na ukitia mkono katika rundo huzisikia zinagongana na kuchoma kiganja. Tarajia uzito upungue sana, kwa kuwa kilo tatu za mbichi hutoa takriban kilo moja ya kavu, na mgeni asiyelijua hili hudhani ameibiwa.

Gunia na mzani

Karafuu itiwe katika gunia safi na kavu lisilowahi kutiwa mbolea, samaki wala mafuta ya taa, na liwekwe juu ya ubao, mbali na ukuta. Kwenye kituo cha kununulia karafuu hutazamwa ukavu, rangi na uchafu, kisha daraja likatolewa na mzigo ukapimwa. Kama umetumwa na mwenye shamba, simama mahali unapouona mzani, na uirudishe stakabadhi mikononi mwake. Watakaokufuata njiani wakitaka kununua kwa siri, au kukuomba uwauzie mbichi, wakatalie; mzigo wenyewe si wako, na biashara hiyo ni magendo. Kama mzigo unatoka kijiji kimoja kwenda kingine, muulize sheha utaratibu wa kusafirisha kabla haujapakiwa garini.

Makonyo

Yaliyobaki mkekani usiyatupe wala usiyaache yaloe. Makonyo nayo yana mafuta, japo machache kuliko karafuu, na kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, huyakamua kwa mvuke. Yaanike kwenye jamvi lake peke yake, yasichanganyike na karafuu, kwa sababu makonyo ndani ya gunia la karafuu huhesabiwa kuwa uchafu. Yanakauka upesi, huwa mepesi, na bei yake ni ndogo, lakini kwa shamba la miti thelathini hujaza magunia kadhaa mwishoni mwa msimu. Katika nyumba nyingine hupewa wanawake waliochambua, iwe nyongeza yao. Katika nyingine huwa ya mwenye shamba. Ndiyo maana nilisema uliulize siku ya kwanza, mbele ya watu wote, wakati kila shada lingali juu ya mti.